Nilishinda Mdahalo wa Makaa ya Mawe, Sasa Nafuta Usemi

Mwenyekiti, katibu, mshika saa, waamuzi na hadhira kwa jumla, hamjambo? Hivyo ndivyo nilivyoanza siku ile katika ukumbi wetu, na hivyo ndivyo ninavyoanza leo, maana nataka mnichukulie kana kwamba nimesimama tena palepale mbele yenu, ila safari hii nimehamia upande wa pili.

Wengi mnakumbuka. Hoja ilikuwa: "Makaa ya mawe ya Kitui yachimbwe." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Tulishinda kwa kura nyingi, tukabebwa juujuu, na jioni hiyo nilitembea Jogoo Road kifua mbele kama jogoo mwenyewe. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakusema lolote juu ya mtu aliyeshinda kisha akagundua kwamba hoja iliyompa ushindi ilikuwa na shimo katikati.

Kwa wale ambao hawakuwapo, acha nieleze jambo lenyewe. Huku mtaani ukisema makaa, mtu anafikiria gunia, jiko na mama wa kupima kwa mkebe. Makaa ya mawe ni kitu kingine kabisa. Ni mimea ya zamani sana iliyozikwa ardhini mamilioni ya miaka hadi ikageuka kuwa mwamba mweusi unaowaka. Viwanda vyetu vya saruji huyachoma, nayo huletwa na meli kutoka nje. Sasa, katika bonde la Mui huko Kitui, wataalamu wa serikali walianza kutoboa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990, wakayakuta. Bonde likagawanywa vitalu vinne, A hadi D, na katika kitalu C peke yake ikakadiriwa kwamba kuna tani milioni 400. Mwaka 2013 serikali ikatia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina. Zaidi ya miaka 10 imepita na hakuna mji wa migodi uliosimama huko, lakini habari haijafa. Kila baada ya muda hufufuka, na ndiyo maana tuliijadili.

Hoja yangu ilikuwa hii. Nilisema: "Tazameni Eastlands yetu! Mwaka 1899 reli ilipofika hapa kutoka Mombasa palikuwa na nini? Kinamasi na vyura! Reli ikazaa karakana, karakana na bohari zikazaa Industrial Area, na Industrial Area ikatuzaa sisi. Muthurwa, Landi Mawe, Makongeni, Kaloleni, Mbotela, Jericho, hii yote ni mitaa ya kazi. Basi kama reli iliweza kuutoa mji kwenye tope, kwa nini makaa yasiutoe mji kwenye mchanga wa Kitui?" Makofi yalipigwa hadi mshika saa akasahau kugonga kengele.

Akasimama dada mmoja wa Kidato cha Nne, msemaji wa wapinzani, ambaye kwao ni huko huko Mui. Hakuwa na maneno mengi. Alisema nyanya yake ana miembe na kiboma kidogo, na choo chake cha shimo kimejaa. Anataka kuchimba kingine. Lakini tangu watu wa kupima waje na vigingi vyao, nyanya hajui kama achimbe au asichimbe, maana aliambiwa watahamishwa, hakuambiwa ni lini, wala watahamishiwa wapi. "Miaka inakwenda," alisema, "na mtu anaogopa kuchimba choo katika shamba lake mwenyewe."

Nikaomba nafasi ya kuuliza swali. "Mwenyekiti, je, taifa zima likae gizani kwa sababu ya choo?" Ukumbi mzima uliangua kicheko. Dada akaketi. Hapo ndipo niliposhinda, na naomba mlitie akilini neno hilo kwa sababu nitalirudia.

Kuna mzee mmoja jirani yetu. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe amenikataza. Alikuwa fundi wa boila enzi za magari ya moshi. Siku hizi yeye hukaa kwenye benchi nje ya duka, na mpaka leo huamka saa kumi na moja alfajiri bila saa wala simu, kwa sababu king'ora cha karakana kilimzoesha hivyo, na ingawa king'ora kilinyamaza zamani, masikio yake hayajapata habari. Nilimwendea kujigamba. Nikamweleza hoja yangu yote, jinsi reli ilivyotujengea mji. Nilidhani atafurahi, maana nilikuwa namsifia kazi yake.

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Kijana, kazi ilikuwa nzuri. Mimi sina ubaya na kazi. Lakini hiyo nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikienda, nyumba pia inaenda. Wewe umeambia hao watu wa Kitui watapata kazi. Umewaambia nyumba itakuwa ya nani?"

Nikakosa jibu. Akaendelea: "Tulikuwa tunalala wanne kwa rumu moja. Jiko ni hapo chini ya kitanda. Choo kilikuwa huko mwisho wa laini, cha watu wote, unapiga foleni na karai mkononi. Bibi yangu alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, na akikuja, hao wengine watatu wanatafuta mahali pa kulala."

Ilinibidi nirudi nyuma na kusoma historia upya, na nawasihi nanyi mfanye hivyo, kwa maana tunapita katika mitaa hii kila siku kama vipofu. Neno "landi" tunalolitamka bila kufikiri lilikuwa jina la mabweni ya vibarua. Wakoloni hawakujenga mitaa hii ili watu waishi. Walijenga mahali pa kulaza mikono ya kazi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni mjini. Alivaa kipande shingoni kuanzia mwaka wa 1919 na kuendelea, akalipwa mshahara wa mtu mmoja, akapewa nafasi ya kitanda, na mkewe na watoto wakaachwa mashambani wajilishe wenyewe. Haya si maneno yangu wala ya mzee. Kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, ile iitwayo ya Carpenter, ilikiri mwaka 1954 kwamba mishahara ilikuwa imepimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia. Kwa lugha nyingine, shamba la mke huko nyumbani ndilo lililokuwa likilisha reli na viwanda, maana bila shamba hilo mshahara ule usingemtosha mtu yeyote.

Wafanyakazi hawakukubali hali hiyo wakiwa wamefunga midomo, na hapa lazima nitaje mtaa wa Kaloleni kwa heshima. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi ule ule wa Kaloleni ambao wengi wetu tunaujua kwa arusi na mikutano, Makhan Singh alisimama akataka uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Hayo ni miaka 13 kabla ya bendera yetu kupanda. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walikamatwa, na mji ukaingia katika mgomo mkubwa. Mojawapo ya madai yalikuwa mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alizuiliwa mpaka mwaka 1961. Miaka minne baada ya mgomo, tarehe 24 Aprili 1954, askari wakazingira mitaa hii ya Eastlands katika ile Operesheni Anvil, na maelfu ya watu wakabebwa kwa malori kupelekwa vizuizini. Katika mdahalo nilisema reli "ilituzaa". Kumbe uzazi wenyewe ulikuwa wa namna hii, na mimi sikuutaja hata kwa sekunde moja.

Lakini tuseme hayo ni ya wakoloni, nao wamekwenda zao. Tuje kwenye yale yaliyofuata, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipotoboka.

Reli ya Afrika Mashariki ilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na Kenya ikaunda shirika lake. Magari ya moshi yakastaafu. Malori yakaichukua mizigo, wafanyakazi wakapunguzwa na kupunguzwa. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ukakabidhiwa kampuni ya kibinafsi, na mwaka 2017 mkataba huo ukafa. Mwaka uo huo reli mpya ya SGR ikafunguliwa, nayo stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, mbali na Muthurwa. Kazi iliyowaleta watu hapa ikawa imeondoka polepole kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Watu hawakuondoka. Wangekwenda wapi? Watoto wao walizaliwa hapa, wamesoma hapa, na wengine hata jina la kijiji cha babu yao hulisema kwa kukisia.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka huo wa 2006, wakati wa kuigawa mali ya shirika la reli, ilionekana kwamba wastaafu wana deni kubwa la pensheni. Basi ardhi na nyumba za reli, mtaa wa Muthurwa ukiwa mmojawapo, zikapewa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli ili zitumike kuwalipa. Wazo si baya ukilitazama kwenye karatasi. Lakini ndani ya nyumba hizo walikuwamo wastaafu hao hao pamoja na jamaa zao! Mwaka 2010 wakaaji wa Muthurwa walipewa notisi ya kuhama, maji yakakatwa, ubomoaji ukaanza. Wakaenda mahakamani. Mwezi wa Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, ile ya makao, ya maji na ya utu wao, na akataka pande hizo zikae pamoja zipange namna ya kuondoka bila kudhulumiana. Hukumu hiyo huwa inatajwa na wanasheria hadi leo. Hata hivyo, mimi huwa najiuliza: mtu akilipwa malipo ya uzeeni kwa kuuza paa lililo juu ya kichwa chake, hapo amelipwa au amejilipa?

Pale makumbusho ya reli kuna gari la moshi namba 5918, liitwalo Mount Gelai. Lilitengenezwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950, na uzito wake ni zaidi ya tani 250. Ndugu zake wa aina hiyo walikuwa 34, wote wakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na hapakuwa na gari la moshi lenye nguvu kuwashinda katika reli nyembamba kama yetu duniani kote. Nendeni mkalione, linapendeza kweli. Limepakwa rangi, limewekewa jina lake, na watoto wa shule hulipia ili walitazame. Chuma kilipostaafu kilipata mahali pa kukaa.

Basi ndugu zangu, kama reli iliyofanya kazi zaidi ya miaka 100 iliacha maswali ya namna hii, je, mgodi wa makaa ya mawe? Maana reli, hata ikizeeka, njia ipo na treni inaweza kurudi. Mgodi ukiisha, umeisha. Hakuna mtu anayepanda makaa ya mawe yakaota tena.

Wapinzani wangu siku ile hawakuitaja Uingereza, na laiti wangeitaja wangenishinda. Nchi hiyo ndiyo iliyojijenga kwa makaa ya mawe kuliko zote. Kufikia mwaka wa 1920 ilikuwa na wachimbaji zaidi ya milioni moja. Kulikuwa na vijiji ambavyo kila mwanamume alishuka chini kama baba yake alivyoshuka. Baada ya mgomo wa mwaka mzima, 1984 hadi 1985, migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na mgodi wa mwisho wa kina kirefu, Kellingley huko Yorkshire, ulifungwa Desemba 2015. Na huko, wafanyakazi wana serikali tajiri, bima na vyama vyenye nguvu kuliko vyetu. Hata hivyo vijiji vile vimebaki vikitafuta la kufanya.

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Ni Aberfan. Hiki ni kijiji cha wachimbaji huko Wales. Uchafu uliotoka mgodini, mawe na vumbi jeusi, ulirundikwa juu ya mlima, na chini ya rundo mojawapo palikuwa na chemchemi ya maji. Wazazi na viongozi wa kijiji walikuwa wamelalamika. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, watoto wakiwa ndio kwanza wameingia darasani siku ya mwisho kabla ya likizo fupi, rundo hilo liliporomoka likaifunika shule ya msingi. Watu 144 walikufa. Kati yao 116 walikuwa watoto.

Na bado kuna la kuongeza. Watu wa dunia walichanga pesa kuwasaidia wafiwa. Marundo mengine yalikuwa yangali pale juu, yanaangalia kijiji, na wazazi walitaka yaondolewe. Serikali ilichukua pauni 150,000 kutoka kwa mchango huo huo wa wafiwa ili kusaidia gharama ya kuyaondoa. Zilirudishwa mwaka 1997, bila riba, karibu miaka 30 baadaye. Nilipofika hapo katika kusoma nikamkumbuka mzee na nyumba za Muthurwa. Mahali pawili, rangi mbili za watu, hesabu ile ile: kazi inapokwisha, wa kulipa ni yule aliyekwisha kulipa.

Najua baadhi yenu mtasema nimegeuka kinyonga. Mtasema pia kwamba maendeleo hayaji bure, na kwamba Kitui nako kuna vijana wasio na ajira. Ni kweli, na hili silifuti. Nimewaona vijana wa huko wakija hapa Gikomba kubeba mizigo, na singependa mtu aambiwe akae na njaa ili mimi niandike makala mazuri. Sisemi kwamba makaa yale yasiguswe hata siku moja. Ninalosema ni kwamba mpangilio wa maswali yetu umekaa kichwa chini, miguu juu. Sisi huuliza kwanza: kazi ngapi? megawati ngapi? Swali la nani atabaki na nini siku kazi itakapokwisha huulizwa mwishoni, tena na wale ambao tayari wamepewa notisi.

Na msidhani kuwa kuuliza mapema ni kazi bure. Kule Lamu palikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, ambao hapo baadaye ungetumia makaa ya Mui yenyewe. Wenyeji waliuliza kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Wakauliza habari za samaki, za hewa, za mji wao wa kale. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likaifuta leseni ya mradi huo, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakuwa wameshirikishwa inavyopasa. Wavuvi wale hawakuwa na digrii. Walikuwa na swali, na wakalitoa kwa wakati wake.

Kwa hivyo kama ningerudishwa ukumbini leo ningesema: kabla ya shimo la kwanza Mui, iandikwe kwa lugha ambayo nyanya anaielewa, shamba jipya liko wapi na hati yake itatoka lini. Iandikwe maji ya kijito yatapimwa na nani, na mfuko wa kufukia mashimo uwekwe pesa mwanzoni, kabla kampuni haijauza hata gunia moja, usingoje mwisho ambapo mwenye kampuni ameshapanda ndege. Na nyumba za wafanyakazi zikijengwa, mfanyakazi awe anainunua kidogo kidogo kwa mshahara wake, ili siku king'ora kitakaponyamaza awe na mlango wa kufunga.

Na sisi wa Eastlands tuna kazi yetu. Wazee waliofanya kazi reli na viwandani wanapungua kila mwaka. Nimemwomba mlezi wa chama turuhusiwe kwenda kuwasikiliza na kuandika, kwa Kiswahili chao wenyewe cha karakana, maneno kama gangi, fayamani na landi, kabla hayajazikwa pamoja nao. Mlezi amekubali, mradi tusikose masomo ya jioni. Mzee wangu ameahidi kuanza, lakini ametaka tufike mapema. Saa kumi na moja alfajiri, alisema, ndipo yeye hukumbuka vizuri.

Juma lililopita nilimtafuta yule dada wa Kidato cha Nne nikamwomba radhi kwa kile kicheko. Alinitazama, akasema nimechelewa kidogo lakini amesamehe. Nikamuuliza habari za nyanya. Akasema hajambo, miembe imezaa vizuri mwaka huu. Na choo? Akacheka. Nyanya bado anangoja kuambiwa.